Farasi Aliyebaki Nyuma ya Kasino

Mimi ni mwoga wa wanyama. Nalisema hili mapema nisije nikadhaniwa ni mtu wa farasi. Kwetu Muheza mnyama mkubwa niliyewahi kuishi naye karibu alikuwa beberu wa shangazi yangu, na huyo beberu hatukuwa tukipatana. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikajikuta, na mtandio wangu kichwani, nasukuma kiti cha magurudumu katikati ya kasino kwenda kumtazama farasi, humwambia akae kwanza, maana habari yenyewe si ya kusimuliwa mlangoni.

Kazi yangu hapa London ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Watanzania wa huku kazi za namna hii tunaziita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe ni binadamu aliyepigwa na kiharusi anayehitaji kuogeshwa. Nimepanga chumba Kilburn, juu ya duka la simu, na mzee niliyepangiwa majira ya baridi yaliyopita alikuwa akikaa Stanmore. Treni ni moja tu. Unapanda Kilburn, unasinzia kidogo, unateremka reli inapoishia. Kusema kweli niliipenda kazi ile kwa ajili ya treni kabla sijaipenda kwa ajili ya mzee.

Mzee alikuwa Mhindi. Niliambiwa kwamba ni mjane, anakaa na binti yake, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, na tangu atoke hospitali hasemi. Siku ya kwanza binti yake, mwanamke wa rika langu anayefanya kazi ya uhasibu, alinipeleka hadi chumbani kwa baba yake, akausukuma mlango, akanionyesha kwa mkono nipite. Miguu yangu ilikataa. Mlango uko wazi, sawa, lakini ndani kuna mtu mzima amelala na hajui mimi ni nani. Mama yangu angenisuta huko aliko. Nikasimama kizingitini nikasema, "Hodi?"

Kichwa kikageuka juu ya mto.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu mvi ni mvi, ziwe za nani.

Akanitazama kitambo. Mdomo ukahangaika, nusu ukitaka na nusu ukigoma, mwisho neno likatoka, limepinda lakini zima. "Marahaba."

Binti yake akaachia taulo alizokuwa amezibeba. "Dada, amesema nini? Baba amesema nini? He hasn't said one word since the hospital!"

Nikamwambia ameitikia salamu. Akaketi kwenye sakafu ya ukumbini, juu ya taulo zake, akalia. Baadaye ndipo nikajua kwamba mzee alizaliwa Korogwe, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na kwamba alicheza na kugombana kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Kiharusi kilikuwa kimefuta Kiingereza chote mdomoni mwake, Kigujarati kimebaki vipandevipande, ila Kiswahili cha utotoni hakikuguswa. Nilipomwambia mimi ni wa Muheza, alikaa akafikiri, kisha akasema, "Jirani." Kuanzia siku hiyo nilikuwa wake.

Nyumba ile ikawa na utaratibu wa kuchekesha. Mzee anasema Kiswahili, neno moja hapa na mawili pale. Binti anakielewa, maana alikisikia tangu utotoni wazazi wake walipotaka kumficha jambo, lakini yeye anajibu kwa Kiingereza chenye Kiswahili cha kubahatisha. Mimi niko katikati na bakuli la uji, nawatafsiria watu ambao wameishi pamoja maisha yote.

Ukutani mwa chumba cha mzee palikuwa na picha kubwa. Ndani yake mzee, mwenye afya na sharubu, amekaa kwenye kigari chepesi cha magurudumu mawili, na mbele yake farasi mwekundu wa kahawia, miguu yote minne kama haigusi ardhi. Nilidhani ni mapambo ya kupiga picha, kama yale ya studio za kwetu zenye pazia la maua. Binti akanifahamisha kwamba ule ni mchezo wenyewe. Farasi hapandwi mgongoni, hufungwa kigari na mwendeshaji akakaa nyuma. Na sharti lake ni kwamba farasi asitimue mbio. Aende upesi awezavyo, lakini kwa hatua za kukaza, mwendo ule wa mtu anayewahi treni huku hataki watu waone kwamba anakimbia. Akijisahau akatimua mbio, mwendeshaji lazima amzuie mpaka atulie, na wenzake wanampita.

Farasi yule wa pichani alikuwa jike, na alikuwa hai. Alikuwa wa mzee. Alimlea mwenyewe tangu akiwa mtoto asiyejua kamba, na baada ya mkewe kufariki alikwenda kwa farasi huyo kila asubuhi, mvua au theluji, kwenye kiwanja cha mbio kilichoko nje kidogo ya Stanmore. Alimlisha, akamsugua, akamsafishia banda. Binti yake aliniambia, kwa sauti ya mtu ambaye wivu wake umekwisha zamani, kwamba kuna wakati alifikiri baba yake ana watoto wawili, na yeye si yule anayedekezwa.

Hicho kiwanja nacho kina hadithi yake. Binti alipokuwa msichana kilikuwa njia ya mchanga iliyozunguka kama yai, jukwaa la mbao, na kibanda cha chai na chipsi. Jumapili familia za Kihindi zilizotoka Afrika Mashariki zilifika na magari yao, zikafungua buti, zikatoa chapati, achari na chupa za chai ya maziwa. Baadaye wenye kiwanja wakajenga mgahawa, ati uwasaidie farasi. Mgahawa ukazaa ukumbi wa mashine za kamari, ukumbi ukazaa hoteli, hoteli ikazaa kasino yenyewe yenye mazulia na taa, na bwawa la kuogelea la ndani juu yake. Kila kimoja kilijengwa kwa sababu hiyohiyo ya kuwasaidia farasi. Mwisho pakakosekana sehemu ya kuegesha magari ya wageni, na sehemu iliyobaki ilikuwa imekaliwa na mabanda ya farasi.

Mtunza mabanda alipiga simu mwanzoni mwa kiangazi, nami nilikuwa namlisha mzee. Alikuwa Mwairishi mwenye moyo mzuri na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, kwa hiyo tuliyasikia yote kutoka kwenye simu ya binti. Mabanda yanabomolewa kiangazi kikiisha. Wenye farasi wote wameshapata pa kuwapeleka. Amebaki jike la mzee peke yake, na hakuna anayemtaka, kwa sababu tangu mzee augue amekuwa mkorofi. Mtu akiingia bandani kwake anamgeuzia makalio na kurusha mateke. Yeye mwenyewe Mwairishi ana goti lisilokunjika sawasawa kwa sababu yake. Mtu pekee aliyekubali kumchukua ni mchuuzi mmoja, na mchuuzi huyo farasi wake hawaendi kuishi popote.

Binti akazima sauti, lakini alikuwa amechelewa. Kiingereza cha kusema kilikuwa kimemtoka mzee, cha kusikia hakikumtoka. Alifunga mdomo. Nikapeleka kijiko, akageuza uso. Mchana vilevile, na kesho yake vilevile. Alikunywa maji na dawa tu.

"Dada, mwambie ale," binti aliniambia jikoni, macho mekundu. "Please. Anakusikiliza wewe. He listens to you, not me."

"Hataki chakula, dada. Anamtaka farasi wake asichinjwe."

"I know! Lakini nifanye nini? Nimweke wapi, garden?"

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani pembeni yake, nikamwambia kwa ukali, maana huruma yangu siku zote hutoka ikiwa imevaa ukali: "Mzee, ukifa njaa hapa huyo farasi wako atabaki na nani wa kumtetea? Kula, nikupeleke ukamwone." Nilisema hivyo bila kufikiri. Akafungua mdomo. Alikula bakuli zima akiwa amenikazia macho, na hapo nikajua nimeshanaswa.

Basi ndipo nikaenda. Binti aliendesha gari, mimi nikakaa nyuma nikishikilia kiti cha magurudumu kilichokunjwa. Tulipofika tukakuta geti la nyuma limezibwa na mafundi, na njia pekee ya kufikia mabanda kwa kiti cha magurudumu ilipita ndani, ukumbini mwa kasino. Nikausogeza mtandio hadi kwenye nyusi, nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikasukuma. Zulia lilikuwa zito, magurudumu yakagoma, mashine zinaimba kulia na kushoto. Nilichoogopa zaidi ya moto wa jehanamu ni kina mama wenzangu wa Kitanzania wa Edgware Road. Mmoja wao tu angeniona pale, habari ingefika Muheza kabla mimi sijafika Kilburn.

Nyuma ya kasino palikuwa na dunia nyingine. Harufu ya majani makavu na mkojo wa wanyama, milango ya mabanda iko wazi na ndani hamna kitu. Mlango mmoja tu, wa mwisho, ulikuwa na kichwa. Kikubwa! Picha haikuniambia ukubwa ule. Manyoya yalikuwa yamesokotana na matope yamekauka ubavuni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsugua. Mzee alipomwona alitoa sauti ambayo si neno. Jike akasimamisha masikio, akatikisa kichwa juu chini, lakini kiti hakikuweza kuvuka ngazi ya banda, na mkono wa mzee haukumfikia.

"Ingia," mzee akaniambia.

"Nani, mimi?"

"Mlete. Kamba."

Nikamtazama Mwairishi. Mwairishi akalitazama goti lake. Binti akasema, "No, no, no, Baba, it's not safe." Lakini mzee alikuwa ananiangalia mimi tu, na chozi limetulia kwenye jicho lake la upande ulio hai. Nikaichukua kamba. Nilikwenda hadi kwenye ule mlango, jike akarudisha masikio nyuma na kuanza kunigeuzia mgongo, nami nikasimama. Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa mtu aliyefika kwenye mlango wa mwenyewe, na ulimi ukafanya ulichozoea.

"Hodi?"

Farasi akaganda. Masikio yakaja mbele. Polepole, ukwato mmoja baada ya mwingine, akajigeuza kunielekea, akarudi nyuma hatua kadhaa hadi ukutani, akaniachia njia.

Nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile ya Stanmore. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, mate yakimtoka, bega likitikisika. "Nilimfundisha," akasema. "Nyumba yake. Lazima hodi."

Miaka yote ile asubuhi kwa asubuhi alikuwa akibisha hodi kwa farasi wake na kungoja akaribishwe, kama mtu yeyote wa Korogwe aliyelelewa vyema. Mwairishi akashika kichwa. Alikuwa akimsikia mzee ananong'ona pale mlangoni kila siku, akidhani ni sala za Kihindi, naye kwa heshima ya dini akawa anaondoka. Hapo hapo akajaribu. Akasema hodi kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, jike akafikiri kidogo, akampisha na yeye. Nilimwona yule bwana mkubwa, mwenye mikono mikubwa, akiziba mdomo.

Nilipomleta jike nje mzee aliinua mkono wake wa kushoto, na yule mnyama akateremsha kichwa chote kile kizito hadi mapajani kwake. Wakakaa hivyo. Binti yake alikuwa amesimama kando na mkoba begani. Baada ya muda akaweka mkoba chini, akachukua brashi, akaanza kumsugua jike ubavuni, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu.

Mwairishi ndiye aliyemkumbuka mama mmoja wa Kiingereza mwenye shamba, safari ndefu kutoka London, ambako watoto wenye ulemavu huja kupanda farasi. Alikuwa na nafasi ya farasi mmoja mtulivu. Mtulivu, hilo ndilo lilikuwa sharti. Tukampigia. Akasema atakuja kumwona, lakini hatamchukua farasi anayerusha mateke, hata awe wa nani, kwa sababu baadhi ya watoto wake hawawezi kukwepa. Hakuna aliyeweza kumlaumu.

Siku aliyokuja yule mama, mzee alivaa koti na tai. Nilimnyoa mwenyewe, na alinigombeza kwa jicho kila nilipogusa sharubu. Tulipita tena kasino, mara hii nikiwa nimeshazoea dhambi, tukamkuta yule mama amefika, mfupi, viatu vya matope, hana maneno mengi. Mwairishi akamweleza habari ya hodi. Akatabasamu kama mtu anayeelezwa jambo la kuchekesha na watu wenye matumaini kupita kiasi.

Akaenda hadi mlangoni. "Hodi," akasema, vizuri tu, na papo hapo akausukuma mlango.

Masikio ya jike yakalala. Makalio yakaanza kuja. Niliona mguu wa nyuma unajikusanya, nikajua yote yamekwisha, na mchuuzi yuko njiani.

"Ngoja!"

Sauti ile ilitoka kwenye kiti cha magurudumu, na sikujua kama mzee alikuwa na sauti ya namna hiyo ndani yake. "Ngoja. Hajakukaribisha."

Nikatafsiri haraka. Nilimwambia yule mama kwamba kwetu hodi si ufunguo. Unabisha, kisha unasubiri, na mwenye nyumba akiwa hayuko tayari unasubiri tena, na asipoitika kabisa unakwenda zako. Mama akautoa mkono kwenye mlango. Akarudi hatua moja, akasema tena, taratibu, "Hodi." Akasubiri. Sote tukasubiri. Jike alipumua kwa pua, akatazama ukuta, akamtazama yule mama, akatuweka pale mpaka mimi nikaanza kutokwa na jasho. Kisha akajigeuza, akarudi nyuma, akampa njia.

Yule mama aliingia, akamshika shingo, akampapasa miguu yote minne, kwato na meno, na jike alitulia. Alipotoka alikuwa hatabasamu tena. Alisema watoto wake wanashikwa na kuvishwa na kunyanyuliwa kutwa na watu wasiowauliza chochote, na angependa wamjue farasi ambaye lazima aulizwe. Nilimrudia mzee maneno hayo kwa Kiswahili. Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, na nikajua anafikiria kitanda chake na milango yake, na watu wote wanaoingia na taulo.

Lori lilikuja asubuhi ya jua. Binti aliomba ruhusa kazini. Jike alikuwa amesuguliwa hadi anang'aa, na binti ndiye aliyemsugua, peke yake, mikono ya shati imekunjwa. Tukamsogeza mzee hadi karibu. Aliweka kiganja cha kushoto kati ya macho ya farasi wake, akakaa nacho hapo, midomo ikicheza bila sauti. Mwisho akasema, "Haya, mama. Safari njema." Akautoa mkono mwenyewe, hakungoja aambiwe.

Jike akaongozwa kwenye ubao wa kupandia. Wengine, Mwairishi aliniambia, hugoma hapo, husimama kwa miguu ya nyuma, hugeuka kumtafuta mwenyewe. Yeye alipanda moja kwa moja, shingo imenyooka, na hakugeuza kichwa hata kidogo. Mlango ukafungwa. Lori likazunguka ile njia ya mchanga, likatokea upande wa hoteli, likapotea.

Binti akainama kwa baba yake. "She didn't even look back. I'm so sorry, Dad."

"Mimi nilimfundisha," mzee akasema. Alisema polepole, akitafuta kila neno. "Anayegeuka nyuma, anapitwa. Miaka yote namwambia. Mbele, mama. Mbele." Mkono wake wa kushoto ukapanda ukafunika macho. "Leo tu. Nilitaka asahau, ageuke."

Binti yake akapiga magoti mchangani akamkumbatia, na mimi nikashika mikono ya kile kiti nikalia waziwazi.